Kwihara: nyumba ya Mwarabu, jina la Mzungu, ardhi ya Wanyamwezi

Gongoni ni kata ya mjini katika Manispaa ya Tabora. Asubuhi ya siku ya shule, watoto wenye sweta wanapita mbele ya maduka yanayofunguliwa, bodaboda zinasubiri abiria, na kwenye baraza wazee wenye kofia wanakunywa kahawa. Chukua daftari la mahudhurio la darasa lolote la mji huu, usome kwa sauti. Majina ya Kinyamwezi, ya Kiarabu na ya Kimanyema yanapokezana mstari hadi mstari, na mara nyingi yamo matatu kwa mtoto mmoja: la kwanza la dini, la kati la babu, la mwisho la ukoo ambao hakuna anayejua vizuri ulianzia wapi.

Majina hayo hayakukutana kwa bahati. Karne moja na nusu iliyopita watu hawa walikuwa wakiuziana, wakioana, wakikopeshana na kupigana vita. Leo watoto wao wanakaa dawati moja. Kwa mzazi anayetaka kumweleza mwanawe jambo hilo, kilomita chache kusini magharibi mwa mji kuna mahali pa kuanzia, panaitwa Kwihara.

Pale kuna tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa na milango mizito ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa pwani. Watu wanaiita Tembe la Livingstone, na ndani yake kuna makumbusho. Simulizi ya mahali hapo ni kwamba lilijengwa mwaka 1857 na mfanyabiashara Mwarabu. Dk. David Livingstone alilikalia mwaka 1872 kwa miezi michache tu, akiwa mgonjwa mara kwa mara, akisubiri wapagazi na mizigo kutoka pwani. Tarehe 25 Agosti mwaka huo aliondoka, na hakurudi akiwa hai.

Mtoto wa miaka tisa hakawii kuuliza: kama nyumba ilijengwa na Mwarabu, kwa nini inaitwa ya Livingstone? Hilo ni swali zuri kuliko mengi yanayoulizwa na watu wazima. Liko na la pili, ambalo mtoto anaweza asilifikirie: kwa nini Mwarabu alijenga tembe? Kwao Oman hawajengi hivyo, na Unguja pia hawajengi hivyo. Tembe ni ujenzi wa watu wa bara, kuta nene za udongo na miti zinazozuia joto la mchana. Mfanyabiashara aliyetoka pwani alikuta watu wanajua kujenga kulingana na ardhi yao, akafuata, kisha akatundika mlango wa kwao. Anayeitazama nyumba ile kwa utulivu atawaona watu wa pande mbili kwenye ukuta mmoja, na mgeni wa tatu ndiye aliyepewa jina.

Mji uliolishwa na barabara

Tabora ilikuwa njia panda. Msafara uliotoka Bagamoyo ulifika hapa baada ya miezi mitatu hivi. Richard Burton na John Speke, waliofika Novemba 1857, walitumia zaidi ya miezi minne. Kutoka hapa njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wakati huo mahali penyewe paliitwa Kazeh, ndani ya himaya ya Unyanyembe. Burton na Speke walipokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Jirani yao alikuwa Mhindi maarufu, Musa Mzuri. Na wote hao walikaa kwa ridhaa ya mtemi Fundikira.

Kuhusu jina la Tabora, wenyeji wengi husema limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani. Kiafya ni jibu la akili sana. Chakula kikavu, chepesi, kisichooza, kinachompa nguvu mtu anayetembea siku nzima akiwa na mzigo kichwani au begani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Mzazi anaweza kumwonyesha mtoto mfuko wa saruji wa kilo 50 dukani, akamwambia aupunguze kidogo zaidi ya theluthi, kisha afikirie kutembea nao mpaka Bagamoyo.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Sehemu kubwa ya wapagazi Wanyamwezi walikuwa watu huru, wafanyakazi wa kulipwa. Walipatana ujira wa nguo, shanga na waya, walikuwa na viongozi wao, na waligoma wakipunjwa. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima kuhusu hilo, kilichotoka mwaka 2006. Lakini kwenye njia hiyohiyo, nyuma au mbele ya wapagazi huru, walikuwapo watu waliofungwa shingoni, wengi wao wakitolewa mbali zaidi magharibi, Manyema katika Kongo ya leo. Mpagazi na mtumwa walikanyaga vumbi moja. Ukimwambia mtoto kwamba wote walikuwa watumwa, umewanyang'anya Wanyamwezi kazi yao. Ukimwambia kwamba ilikuwa biashara tu, umewafuta wale wengine.

Na barabara ile ilibeba mengine yasiyolipiwa ushuru. Ndui ilisafiri na misafara. Funza wa miguuni, ambao leo mzazi yeyote wa kijijini anawajua, walitoka Amerika wakaingia Angola miaka ya 1870, wakavuka bara kwa nyayo za watu, na kabla karne haijaisha walikuwa wamefika pwani ya Bahari ya Hindi. Hata neno hongo, ambalo leo linampeleka mtu mahakamani, lilikuwa jina la ushuru halali ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite katika nchi yake.

Nani alipigana na nani

Mwaka 1871 vita vilifika mlangoni. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa amejenga nguvu kubwa kwa vijana wapiganaji walioitwa rugaruga, na aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe wakaamua kumpiga. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikuwa ametua Kwihara mwezi Juni, akajiunga na upande wa Waarabu. Wakashindwa. Agosti mwaka huo Mirambo aliingia Tabora, sehemu ya mji ikachomwa, na mmoja wa wakubwa wa Waarabu, Khamis bin Abdullah, aliuawa pamoja na wafuasi wake.

Mtu anayehadithia kwa haraka husema: Waarabu walipigana na Waafrika. Haikuwa hivyo. Mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe, Mnyamwezi, alikuwa upande wa Waarabu, tena aliwekwa kwenye kiti hicho kwa msaada wao. Jeshi lao lilijaa Wanyamwezi na watu wa pwani. Vita ile ilipita katikati ya koo na hata katikati ya nyumba. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alikuwa mkazi wa huku Unyanyembe, na mmoja wa wake zake alikuwa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Hayo yamo katika maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa pembe na watumwa alikuwa na mama wa kambo Mnyamwezi wa ukoo wa utemi. Sasa wagawe watu hao katika makundi mawili uone kama kalamu itakubali.

Leo Mirambo, aliyeuchoma mji huu, ndiye mwenye jina la kambi ya jeshi iliyopo Tabora, na shule ya sekondari ya Milambo ipo hapahapa. Wajukuu wa waliokimbia moto wamesoma katika shule yenye jina la aliyeuwasha, na hakuna anayeshangaa.

Kutoshangaa huko kuna sababu. Sehemu moja ni utani. Wanyamwezi wana watani wengi, wakiwamo Wazaramo na Waziguwa, watu wa nchi ambazo misafara ilizipita, na wazee wengi wanaeleza kwamba utani huo ulizaliwa katika safari hizo za pwani, katika kugombana, kupatana na kuzikana njiani. Mtani anaruhusiwa kukutukana msibani kwako, kisha ndiye anayeshika jembe. Kuna mataifa yenye mikataba minene ambayo hayajafika hapo.

Sehemu nyingine ni ukimya, na huu si mzuri kama utani. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Wajerumani kabla yao walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Kwa hiyo mzazi wa miaka 35 anayesoma ukurasa huu alikuwa na bibi mzaa bibi aliyeishi wakati mtu bado alikuwa mali ya mtu. Ni karibu sana. Katika miji ya njia hii zipo familia zinazojua kwamba mkubwa wao aliletwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika akiwa amefungwa, na zipo zinazojua kwamba mkubwa wao ndiye aliyemfunga. Zipo pia ambazo ni zote mbili, kwa sababu bwana alizaa na mjakazi wake. Wengi waliitwa Wamanyema, jina likageuka kabila lenye heshima na ngoma zake. Watu hawalizungumzi kwa watoto. Halafu siku moja mtoto anamtukana mwenzake "mtumwa wewe" kwenye mpira, na mtu mzima aliye karibu anajifanya hakusikia.

Mfano kutoka Yerusalemu

Watoto wa sasa hawasikii neno "Waarabu" kwenye somo la historia peke yake. Wanalisikia kwenye taarifa ya habari, pamoja na Wayahudi, Gaza na mabomu. Na mtoto wa Tabora, mwenye jirani mwenye duka anayeitwa Mwarabu, anaweza kuuliza kama ndio haohao. Jibu fupi ni hapana. Lakini kuna kitu kimoja kule kinachoisaidia Kwihara.

Kwenye nchi ile, kila shimo la akiolojia ni ugomvi. Anayefukua chungu anatafuta pia ushahidi wa nani alitangulia. Katikati ya hali hiyo, wanaakiolojia watatu Waisraeli na watatu Wapalestina walikutana kwa muda mrefu bila kutangaza, wakisaidiwa na wenzao wawili wa vyuo vikuu vya Los Angeles, Lynn Swartz Dodd na Ran Boytner. Mwaka 2008 walitoa rasimu ya makubaliano: malikale zitalindwaje siku amani ikipatikana, vitu vilivyochukuliwa virudi vipi, na kwamba mahali pa kale pastahili ulinzi bila kujali ni pa dini gani. Hakuna serikali iliyoifanya sheria. Wengine wa pande zote mbili waliwaona wasaliti.

Lakini jambo dogo walilolitanguliza ndilo lenye somo kwa wengine: orodha. Rafi Greenberg wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walidai kwa sheria ya haki ya kupata taarifa wapewe kumbukumbu za machimbo yote yaliyofanywa na Israeli katika Ukingo wa Magharibi tangu 1967, kwa sababu nyingi hazikuwa zimechapishwa. Zikawekwa wazi ili Mpalestina na Mwisraeli wasome karatasi moja. Hawakukubaliana kwanza nani ana haki. Walikubaliana kwanza nini kilichimbwa wapi.

Huku kwetu orodha ya aina hiyo imeanza, ila ni fupi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mwaka uliofuata wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Sarah Croucher waliandika ripoti ya uchunguzi wa awali wa njia hiyo. Kwa upande wa kaskazini mashariki, Mtanzania Thomas Biginagwa alichimba vituo vya misafara katika bonde la Mto Pangani na kusoma mifupa ya wanyama waliochinjwa na samaki walioliwa, ajue misafara ililishwa nini na ilizigharimu nini jamii zilizoilisha. Uzuri wa mfupa wa jikoni ni kwamba hauna upande. Hauonyeshi kama aliyekula alikuwa tajiri wa pwani, mpagazi au mateka, na ndiyo maana unalazimisha maswali mengine.

Kwihara bado inasubiri kazi kama hiyo ifanywe kwa mapana, na udongo haungoji. Ukuta wa tembe ukiachwa mvua mbili tatu bila kukandikwa unaanza kurudi ardhini. Matembe mengine mengi yaliyokuwa yamezagaa Unyanyembe yamekwisha yeyuka, yakawa vichuguu vyenye vigae vya vyungu na shanga ambavyo mkulima anavigeuza kwa jembe. Na fedha za kukarabati zikitoka upande mmoja, maneno hufuata. Zanzibar, serikali ya Oman ilipogharimia ukarabati wa Beit el-Ajaib, wapo walioona ni mtoto kurudi kumtunza mzazi, na wapo walioukumbuka usultani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka wakati wa ukarabati na mafundi wawili wakafa.

Ukienda na watoto

Nendeni asubuhi, kabla jua halijakaza. Chukueni maji ya kutosha na kofia. Makumbusho ni madogo, na mtoto wa chini ya miaka sita atachoka na nakala za barua na picha za wazee wenye ndevu baada ya dakika kumi. Huyo mwache ashike ukuta, aingie na kutoka kwenye vyumba, ahesabu milango.

Kwa wakubwa kidogo, hadithi inayowakaa zaidi ni ya Susi na Chuma. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873, watu wake waliuzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga na kuubeba hadi Bagamoyo, safari iliyoishia Februari 1874. Oktoba walipita hapa Kwihara. Afisa Mwingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa akikaa hapa, aliwashauri wamzike hapahapa. Wakakataa. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utotoni kutoka kwenye msafara wa watumwa. Mtoto akiuliza kwa nini nyumba haikuitwa ya Susi na Chuma, msikimbilie jibu.

Wazazi wengi huogopa kutaja minyororo mbele ya watoto. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuelewa kwamba watu walichukuliwa kwao kwa nguvu, wakafanyishwa kazi bila hiari, na kwamba lilikuwa kosa. Maelezo ya mateso yanaweza kungoja. Kisichongoja ni kumweleza kwamba mtoto wa leo habebi kosa la babu wala aibu ya bibi, na kwamba neno "mtumwa" si tusi la kiwanjani. Yule mwenye jina la Kiarabu darasani asirudi nyumbani akidhani yeye ndiye aliyewafunga watu wa mwaka 1870. Na yule aliyeambiwa ukoo wake ni wa Manyema asijifiche.

Muulizeni mwongozaji maswali ambayo hayapo kwenye kibao. Nani alikanda udongo huu? Nani alipika? Wafungwa walilala wapi? Jibu likiwa halipo, waacheni watoto waone kwamba halipo.

Wenye siku mbili zaidi wanaweza kupanda treni ya Kigoma, wafike Ujiji, mwisho wa njia kwa upande huu wa ziwa. Reli ilipita Tabora mwaka 1912 na kufika Kigoma 1914, na kuanzia hapo hakuna aliyehitaji tena kubeba frasila mbili kichwani. Bebeni matobolwa ya kutafuna garini. Watoto wa mjini wengi hawajayaonja, na wakiyatafuna mara ya kwanza watalalamika kwamba ni magumu.